Kosa la Chapa

Katuni nimeikuta chini ya droo ya cherehani,
imetandikwa kuzuia kutu.
Mende wamekula tarehe.
Wino umegeuka rangi ya maji ya mkandaa.

Mwanamke: kiuno cha nyigu,
visigino vyembamba kama misumari ya inchi sita,
buibui limefunguka miguu ionekane,
mkoba, miwani, sigara
(mamangu hakuvuta sigara maisha yake,
moshi wa udi tu ulimkohoza).
Mwanamume: kofia imemtelemka hadi masikioni,
kibwebwe kiunoni, mwiko mkono wa kulia,
na wa kushoto mtoto
asiye na pua wala macho, mdomo tu,
wazi kama mlango wa tanuri.

Mtoto huyo ni mimi.

Miaka ile ya kungoja bendera mpya
Nuhu mchoraji alipita Kuze kila alasiri, akichungulia.
Kila Jumamosi alitoa mwanamke mmoja.
Aliyepanda baiskeli, baiskeli ilichorwa ikiomba msamaha.
Aliyejifunza taipu alipewa kucha za mwewe.
Aliyekwenda kupiga kura
alichorwa akiliuliza sanduku bei ya kitambaa.
Mji ulicheka. Hata wanawake walicheka,
wakalikunja gazeti kufungia bajia,
halafu usiku wakalikunjua tena
waviangalie vile viatu.

Jambo moja Nuhu hakulijua:
maneno ya chini ya picha zake
yalipangwa na mamangu, Thureya,
chumba cha nyuma, kiwanda cha chapa, Makadara,
herufi za risasi kila moja na kijumba chake,
zikisomwa kinyumenyume kama kiooni.
Vidole vilimnuka mafuta ya taa mpaka Idi.
Kila kejeli ilipita mkononi mwake kwanza,
herufi kwa herufi, baridi.

Ijumaa moja ikaja karatasi:
*Mke atoka, mume alia.*

Akapanga. Akasita.
Ile i, na kitone chake kichwani
kama chozi lililokosa shavu.
Nani aliyelia kwetu?
Baba, fundi saa, alikuwa barazani,
lenzi jicho moja, mimi pajani,
saa ya mtu imepasuliwa kifua mezani,
akininong'oneza: sikiza, sikiza,
nami nikinyamaza ili nisikize.

Mama akaichomoa i kwa kibanio.
Akatia e,
iliyojikunja kama mkono unaopakata.

Jumamosi mji ukasoma:
*Mke atoka, mume alea.*
Watu wakangoja kicheko, hakikuja.
Kinyozi wa Kibokoni aliligeuza gazeti juu chini
kutafuta mzaha umeangukia wapi.
Huu si mzaha, akasema mteja
mwenye povu shavuni. Hii ni habari.

Nuhu akaja mbio, kalamu sikioni:
nani kaharibu kazi yangu?
"Kosa la chapa, bwana," mamangu akamjibu.
"Herufi ni ndogo, na mato yangu ni mawili tu."

Akakatwa shilingi tatu.

Sitasema dunia iligeuka.
Wiki iliyofuata Nuhu alichora mwingine, mbaya zaidi,
na mama akampangia maneno yake bila kosa;
kodi ya nyumba ilikuwa imefika.
Na baba alilia kweli, mara moja,
miaka mingi baadaye, siku ya arubaini yake,
saa zote za barazani zikienda.
Siku hiyo ile i ingekuwa mahali pake.

Nairudisha karatasi chini ya droo.
Lakini kwanza naigeuza,
napitisha kidole upande usio na picha:
e aliisukuma kwa nguvu kuliko wenzake.
Bado imevimba.